Alhamisi Aliyoitaja Mama

Garsen,
14 Septemba 1998

Kwa kaka yangu Jilo,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepoa. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Maji ya mafuriko yamekwisha, ila njia ya Wenje bado imekatika mahali pawili, na ng'ombe waliosalia wamekonda. Mama anakusalimu kama kila mara, ingawa wewe hutaki kuzijibu salamu zake.

Uliniuliza kwa nini nimechagua sheria. Ukaandika pia kwamba umewaambia wenzako humo gerezani kuwa dada yako ameitwa chuo kikuu kusomea uwakili ili aje akutoe. Maneno hayo niliyasoma mara nyingi, kaka, kisha nikaikunja barua.

Si wewe peke yako unayeuliza. Mwezi wa tatu nilipobadili fomu ya chuo, nikafuta ualimu nikaandika sheria, Mwalimu Jairus aliniita ofisini akanitazama kama mtu aliyeiba mtihani. Alisema wanafunzi wake husomea sheria kwa kutaka suti, au siasa, au kwa kuwa baba zao wana kesi ya shamba. Akataka kujua mimi ni yupi. Nilimjibu kwamba napenda kusema kweli mbele za watu. Akacheka. Ami Hiribae hakucheka. Amewahamisha ng'ombe wa marehemu baba kutoka zizi letu, anawaambia watu kwamba msichana hasomi sheria bure, kuna mtu anataka kumpeleka kortini. Binamu yetu Maryan anasema nimepata mchumba hakimu. Nikipita sokoni watu wananyamaza, nami nabaki kujiuliza wanajua nini.

Maana kuna jambo la kujua.

Unakumbuka ulivyokamatwa kwa mafahali watatu wa Farah, yule mfanyabiashara wa mifugo, walioibwa siku ya Ijumaa. Ulisema ulikuwa Wenje ukimuuguza mama, na kwamba siku hiyo ulimpeleka zahanati. Lakini muuguzi wa hapo alikuwa amekwisha kuhamishwa, na hakuna aliyemtafuta. Mama hakuweza kuinuka kitandani, basi askari akamfuata nyumbani kuandika maelezo yake. Askari hakujua Kiorma, mama hajui Kiswahili. Mimi nilikuwa kidato cha pili, nikaambiwa niwe mkalimani.

Kortini ulisomewa kwamba mama amesema ulifika kwake Jumamosi. Hapo ndipo ulipomkataa. Kila alipokuja kukuona uliwaambia askari humjui mwanamke huyo. Ulidhani Ami amemhonga, au Farah amemtisha. Nami nikakuacha udhani hivyo, na huu ni mwaka wa tatu.

Kaka, mama alisema Alhamisi. Jumamosi niliisema mimi.

Sikukosea neno. Ijumaa ile, nikitoka shule hapa Garsen, nilimwona kwa mbali mtu mrefu mwenye shuka nyekundu kama yako, akiswaga mafahali watatu kuelekea njia ya Kau. Nilikuwa na hakika ni wewe. Mama alipotaja Alhamisi niliona anadanganya ili akuokoe, tena ameapa, nikaogopa kiapo hicho kisije kumchoma akhera. Nikakirekebisha. Mama akatia kidole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, akanishukuru kwa kumsaidia.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka jana, maji yalipoingia nyumbani Wenje, nilikuwa nikiokoa vitu vya mama sandukuni, nikaiona kadi yake ya zahanati. Tarehe ni ya Ijumaa ile ile, na muuguzi ameandika kwamba ameletwa na mwanawe, Jilo. Mama aliitunza miaka yote asijue imeandikwa nini. Yule mtu wa shuka nyekundu simjui hadi leo.

Ningependa kukuambia kwamba nilichagua sheria kwa kupenda haki. Hapana. Kwanza nilitaka kujua mimi nitafungwa miaka mingapi. Kisha nikawaza kwamba nikiwa wakili nitakutoa kimyakimya, pasipo mtu kujua aliyekutia ndani. Nilikuwa tayari ukae humo hadi nimalize masomo, ili mimi nibaki msafi.

Juma lililopita nilikwenda Malindi kwa wakili mmoja, Bi Alice, nikiwa na kadi. Alinisikiliza, akayaandika maelezo yangu, akaniuliza kama naelewa kwamba naweza kushtakiwa, na nafasi ya chuo ikaniponyoka. Akasema, "Ukitoka hapa bila kutia sahihi, sitakutafuta." Nilitia sahihi. Atapeleka rufaa, ila hakuniahidi kitu, nami siwezi kukuahidi.

Mama nilimweleza jana. Nilitamani anipige. Aliuliza jambo moja tu, kama basi la kuja huko bado linaondoka Jumatano.

Basi barua hii ameileta mwenyewe. Unapoisoma, yeye yuko langoni anangoja jibu lako. Safari hii hana mkalimani, kaka. Toka uzungumze naye.

Mimi usiniandikie kama moyo hautaki. Pokea salamu zangu za heshima, na dua zangu kila nikiinuka kwenye mswala.

Wasalaam,
dada yako,
Hamdia