Elia Hakuwa Mlevi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepunguza kuuma na tumbaku imeshaingia bani kukaushwa. Sisi huku Dar tupo, ila mdogo wangu Elia bado anatetemeka. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungefikiri amefariki.

Walimpiga picha ya ubongo. Daktari alituonyesha sehemu mbili zinazong'aa, moja kila upande, panapoongoza mikono na ulimi. Alisema ni shaba, hii hii iliyomo kwenye vyakula. Mwili wa Elia hauwezi kuitoa, ikajaa kwenye ini mpaka ikafika kichwani. Chini kidogo kwenye picha hiyo, alisema, madaktari huona alama kama uso wa mnyama. Mimi sikuona mnyama. Nilimwona Elia akiyumba njiani kwenda kanisani, nami nikiwa nyuma yake nimekasirika.

Mama, wewe ulimnusa mdomo ukasema huyu hajanywa. Nikakujibu anatafuna majani ya mpera kuficha harufu. Nilijifanya najua. Kwenye bendi ya kanisa nilikuwa nakaa naye bega kwa bega, nikaona aibu mate yake yakidondoka kwenye tarumbeta, basi nikaenda kumsema kwa wazee wa kanisa. Wakamtenga. Unakumbuka alivyosimama mbele ya watu wote akatubu ulevi, ndipo akarudishwa Mezani kwa Bwana.

Jana nilimuuliza kwa nini alitubu pombe ambayo hakuinywa. Alihangaika kuyatoa maneno.

"Kaka, ulishasema wewe. Mi nani angenisikia?"

Kisha akaniomba nimshikie kikombe cha uji.

Dawa ameanza. Daktari anasema kutetemeka kunaweza kupungua, ila hakuahidi. Karanga na uyoga uliotuma nimewapa majirani, vina shaba nyingi. Usijilaumu, ulikuwa unamlisha mwanao. Ugonjwa huu ni wa kurithi, na mzazi anaweza kuubeba bila kuugua. Mimi nimepimwa, sina. Tafadhali mdogo wetu Rebeka apande treni aje apimwe, hata kama hajisikii vibaya.

Nisalimie shangazi pamoja na jirani anayekuchotea maji. Mchungaji umpe barua hii awasomee wazee, asiruke mahali. Nikija likizo nitasimama pale pale aliposimama Elia. Yeye hakuwa na la kutubu, mimi ninalo.

Mwanao uliyemwambia ukweli akakubishia,
Yohana