Mwanamke wa Kwenye Kioo

Nyamisangura,
Tarime.
9 Juni 2024

Shemeji yangu mpendwa Scholastica,

Pokea salamu zangu. Hujambo wewe na watoto huko Songea? Mimi mzima. Miaka sabini na sita na bado nafukuza ng'ombe wa watu kwenye mahindi yangu kwa miguu. Hii barua naandika kwa mkono wangu, darasa la tatu la zamani, siyo hawa wa siku hizi.

Simu yangu hupokei, na sababu naijua. Umeambiwa nimeoa.

Sikuoa. Duka la vitenge la marehemu dada yako Gati limekaa tupu tangu tumzike. Mwanangu Jackson akasema duka tupu linafukuza wapangaji, kioo kipambwe. Akaelewana na Athumani fundi mabango, mimi niko shambani Kemambo. Narudi nakuta kioo kizima kimebandikwa stika ya mwanamke mkubwa kama mlango, meno nje, kwapa wazi, kikombe mkononi. Kasimama palepale alipokuwa anasimama Gati. Nilitema mate.

Kesho yake jirani yangu Wangwe ananiuliza mbele ya watu, "Tata, huyu umemtolea ng'ombe wangapi?" Wakacheka. Mimi niliyetoa ishirini na nane kwa dada yako, ng'ombe ambao mpaka leo wanatajwa.

Maneno yakafika kwenu. Mjomba wenu Nashoni akaja na fimbo kuuliza nimeoaje bila kuwaambia. Nikampeleka kwenye kioo. Akaangalia, akazidi kukasirika. Akasema, "Hata kama ni karatasi, imesimama mahali pa binti yetu."

Hapo alisema kweli, na yule mzee husema kweli mara chache.

Athumani akaniambia kwa adabu kwamba ataibandua, aniwekee maua. Maua ya nini, mimi ni nyuki? Nikachukua wembe na maji ya moto nikakwangua mwenyewe kutwa nzima. Gundi yao inanuka kama mzoga. Halafu nikaandika kwa rangi nyekundu: DUKA LA GATI. Athumani mwenyewe amekubali herufi zangu zimesimama.

Jackson amenuna. Anasema hakuna atakayepanga chumba chenye jina la marehemu. Basi asipange.

Msalimie mumeo Method, na mama mkwe wako. Mungu awalinde wote hapo nyumbani. Nikipiga tena, shemeji, pokea.

Ni mimi nikupendaye, mume wa Gati,
Mseti Nyangwine