Siku Niliyosafishwa Tumbo

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na wapwa zangu wote, nikiomba barua hii iwakute na afya, au angalau na subira. Mimi nipo. Magoti yananung'unika asubuhi, macho bado yanasoma, na ugeni nimeuzoea kiasi kwamba siku hizi nikiota, watu wa huko na wa huku wanakaa chumba kimoja.

Barua yako nimeirudia mara nyingi. Baada ya habari za paa na za harusi, umeniambia kwamba unaona damu chooni, kwamba daktari anataka upimwe utumbo kwa kamera, na kwamba umemkatalia: heri kaburi kuliko fedheha ile. Ukaniomba iwe siri yetu wawili. Nimechelewa kukujibu kwa sababu kipimo hichohicho kilikuwa kinaningoja na mimi. Nilikuwa naishiwa damu, na hakuna aliyejua inakokwenda. Sasa nimekipita. Kamera yenyewe unalala, unaamka, yamekwisha. Kazi iko siku ya kabla, ya kusafisha tumbo.

Muuguzi alinieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. Nisile kitu kigumu. Maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa mpaka uone chini ya bakuli, basi. Kinywaji chekundu marufuku, kisije kikadhaniwa damu. Alasiri nikoroge unga wa dawa kwenye jagi la maji, ninywe glasi baada ya glasi hadi liishe, na alfajiri jagi jingine, mpaka kinachotoka kiwe maji matupu. Nikamuuliza nitajuaje kwamba dawa imeanza kazi. Akasema, "Babu, hutauliza."

Unajua nakaa nyumba ya kupanga ya ghorofa, kila ghorofa vyumba vingi na choo kimoja mwisho wa ukumbi. Kuwaambia majirani niliona haya. Nikamwambia Bwana Saa, fundi wa saa wa chumba cha pili, kwamba nina homa na nitashinda ndani. Hapo nilijichimbia shimo mwenyewe, kwa kuwa mgonjwa huja kutazamwa. Nilikuwa bado napambana na ladha ya dawa ile, chumvi iliyojifanya limau, mara mlango ukabishwa. Akaingia Bwana Saa na kiti chake, nyuma yake jirani yetu Mama Pacha na bakuli la uji mzito. Mama Pacha akasema homa haiondoki kwenye tumbo tupu, akanisimamia mpaka nikameza vijiko kadhaa. Ningemkatalia vipi, na homa nimeitunga mwenyewe? Bwana Saa naye akaanzisha kisa kirefu cha mkwe wake. Tumbo langu likanguruma, wote wakajifanya hawakusikia. Nikabana. Jasho likanitoka. Mwishowe nikaruka kutoka kitandani, kwa umri wangu huu, nikapita katikati yao bila hata kuomba radhi.

Niliporudi niliwaambia ukweli. Kicheko nilichokiogopa kilikuja, lakini baadaye. Kwanza Bwana Saa alinitazama kama mtu aliyeudhiwa, akasema, "Yaani ni choo tu? Si ungesema, mzee, tukupishe?"

Wakanipisha. Ukumbi mzima ulihamia choo cha ghorofa ya chini. Mama Pacha aliondoa uji wake akanichujia supu. Kila nilipopita, mtu aliniuliza kutoka chumbani kwake imefika rangi gani, nami, niliyekuwa naomba ruhusa hata ya kukohoa, nikawa najibu.

Asubuhi Bwana Saa alifunga banda lake akanisindikiza hospitali. Nilimweleza muuguzi habari ya uji. Hakunigombeza, alinisogeza mwisho wa foleni tumbo lipate muda. Kisha akauliza nani ndugu yangu, maana aliyechomwa sindano ya usingizi haruhusiwi kurudi peke yake. Nilikuwa nafungua mdomo kusema huku sina ndugu. Bwana Saa akasema, "Ni mimi," akavuta kiti akakaa.

Daktari aliniuliza kama kuna mtu wa ukoo aliyefariki kwa maradhi ya utumbo. Nikajibu kama mama alivyotuzoesha kujibu, kwamba baba aliuawa na vidonda vya tumbo. Akataka nimsimulie. Nikamsimulia alivyokonda, shuka ambazo mama alizifua peke yake na hakutaka tuziguse, na siku baba alipomfukuza daktari aliyetaka kumpima nyuma. Aliyaandika yote. Akasema hayo hayafanani na vidonda vya tumbo. Kisha akauliza kama nina ndugu wa baba na mama mmoja.

Mdogo wangu, walinikuta na uvimbe. Jana majibu yalitoka: ni saratani, bado changa, haijavuka utumbo. Nitapasuliwa mwezi huu. Daktari ana matumaini, nami nimeamua kuwa nayo. Ila kasema ningengoja zaidi, mazungumzo yetu yangekuwa mengine.

Sasa nikuambie nililolifanya. Siri yako sikuitunza. Nilipotoka kwa daktari nilimpigia simu binti yako mkubwa, nikamwambia yote: damu yako, daktari uliyemkatalia, babu yake, na mimi. Alilia, kisha akaniuliza ni hospitali gani. Barua hii nimeituma kwake makusudi, naye ndiye aliyekukabidhi. Kwa hiyo unaposoma hapa amekaa mbele yako, anangoja umalize, na miadi ameshaiweka.

Nikasirikie, una haki. Ila hasira zako nitazipokea ukiwa umeshatoka kupimwa.

Msalimie shemeji, na wapwa zangu wote. Huyo aliye mbele yako usimfokee; ametumwa na mjomba wake.

Mimi ni kaka yako, niliyebakiwa na wewe tu.