Kwako Nimeolewa, Huku Bado

Kikwajuni, Unguja

Baba yangu kipenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mama anakukanda yale mafuta ya karafuu niliyokutumia, au umeyaficha kwa sababu yananuka? Mimi mzima wa mwili, Alhamdulillahi, ila moyo hautulii. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu. Simu sina hamu nayo tena. Kunywa chai yako kwanza, Baba, ndipo uendelee.

Huku mji mzima umebandikwa mabango ya mtandao mpya wa kasi. Msichana wa kwenye bango anacheka na mtu aliye mbali kama wamekaa jamvi moja. Nami, mtu wa kuota mchana kama unijuavyo, nikawa natandika vitanda vya wageni kule kazini Mji Mkongwe huku nakuona umekaa msikitini kwetu huku Kikwajuni, na kanzu yako nyeupe, unaniozesha kwa Idi. Na nyumba ile ya wageni kuta zake nene, simu haishiki mpaka upande juu ya paa! Hapo ningezinduka. Wapi!

Bi Salma, mwenye nyumba wangu, alinambia, "Mwanangu, babako mguu haumruhusu safari. Ampe uwakala sheikh, akuozeshe." Wewe ukakataa katakata, mwanao utamwoza kwa mdomo wako. Nilifurahi mno, Baba. Sheikh akakubali shingo upande, akasema kwa simu sawa, lakini mashahidi wasikie kila neno.

Basi Ijumaa ile, baada ya alasiri, wanaume wakajaa msikitini, sisi wanawake tuko nyumba ya pili. Idi ndiye aliyenihadithia. Simu ikawekwa juu ya mto mbele ya sheikh. Salamu zako zilisikika safi kabisa, mpaka ami yake Idi akaona mambo yameshakwisha, akaanza kugawa halua. Kisha ukasema, "Nimekuoza binti yangu..." Kimya. Idi kanyoosha mkono, kauacha hewani. Wakapiga, wakapiga tena, hupatikani. "Jina mmelisikia?" sheikh akawauliza mashahidi. Hawakulisikia. "Basi hapana ndoa hapa," akasema, na watu vidole vinanata halua. Sisi huku tulishapiga vigelegele mpaka koo zikakauka.

Nikenda dukani kwa hao wenye mtandao, hina ingali mbichi mikononi. Kijana akanambia kasi ipo, ila simu yangu kongwe. "Simu yangu ndiyo iliyomkata baba maneno?" nikamuuliza. Akanishauri ninunue kifurushi kikubwa zaidi. Nikacheka, kisha nikalia palepale mbele za watu.

Kumbe wewe huko Mikindani ulisema mpaka mwisho! Kesho yake ulipopatikana, sauti inakuja vipande vipande, ukaniita, "Mke wa Idi!" Mbuzi keshaliwa, majirani wameshaniombea dua. Ulicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu mguu ukuangushe. Ningekwambiaje? Nikaitika tu, "Naam, Baba," simu ikakatika, nami nikashukuru imekatika.

Tangu siku hiyo nnakwenda kama niliye usingizini. Kwako mimi mke wa mtu, huku bado mwari. Idi akitoka kutengeneza mafriji karakanani hupita chini ya dirisha langu, akanisalimu kwa mbali kwa adabu zote, nami najificha nyuma ya pazia kwa haya. Nikilala nakuona unasema, midomo inacheza, sauti haitoki. Inaniuma, Baba.

Sheikh anasema turudie kwa simu, au uandike uwakala. Sitaki. Tumeshakata shauri, tunakuja: Idi, ami yake, Bi Salma na mimi. Majirani waambie upendavyo, na mbuzi mwingine usichinje. Nataka mimi nikae chumba cha ndani na Mama, wewe uwe barazani na Idi, useme polepole mpaka neno la mwisho, nikusikie kwa masikio yangu.

Nisalimie Mama, na asilie kabla hatujafika. Nisalimie Bibi, aliyenifunza kufunga kanga, na shangazi yangu mpishi, mwambie pilau yake nnaiota. Kaka naye nimemsamehe yale maneno yake kuhusu watu wa visiwani.

Ni mimi binti yako, ambaye bado hujanioza,

Zuhura