Ukurasa Alioukunja Marehemu

Mkunazini, Unguja
Jumatano

Dada Zuhura, shikamoo.

Mvua haikatiki, na mimi sikai nikatulia. Kile kitabu cha tatu cha visa vya Karani wa Kadhi, tulichokikosa Tanga nzima, nimekiona! Kimo kwa Bi Mwanaisha, jirani wa shangazi. Yumo katika eda ya mumewe, na kitabu nacho hakitoki, kama yeye asivyotoka. Herufi za kizungu hazijui. Marehemu ndiye aliyekuwa akimsomea kila alasiri. Basi nnakwenda mimi, ananikatia mkate wa kumimina, nnamsomea. Wewe roho yako iko kwa yule bwana harusi wa humo kitabuni. Sisi wawili tunataka tu kujua nani aliyeiba wasia.

Juzi tukafika kwenye ukurasa alioukunja marehemu. Zimebaki kurasa kumi. Bi Mwanaisha akakichukua kitabu, akakitia chini ya mto. "Kesho, mwanangu." Jana akasema kesho tena. Leo nimeshindwa, nikamwuliza, "Bibi, kwani hutaki kumjua mwizi?"

"Marehemu alisema ni bwana harusi," akanijibu. "Alishikilia hivyo mpaka mwisho. Sasa tukifungua tukakuta si yeye? Mwenyewe hayupo kujitetea."

Meli yangu Jumamosi, na vidole vinaniwasha. Nibusie mkono wa Mama. Nawe niombee dua, najua itakuuma: mwizi awe bwana harusi wako.

Mdogo wako,
Salma