Ndevu Nyeupe Chini ya Sakafu

Jumatatu, 4 Machi 1957
Nimeosha ndege, nimekausha, nimepaka grisi. Mvua tangu alfajiri. Nyuma ya kiti cha rubani, chini ya ubao wa sakafu, bati limeota ndevu nyeupe. Laini kama pamba. Nimefuta, zikatoka. Simoni alikuwa anapanga madebe ya petroli, akajifanya haoni. Tunaoshika ndege hii ni wawili tu, mimi na yeye. Sipendi anavyonyamaza.

Jumanne, 5 Machi
Zimeota tena. Usiku mmoja tu! Kutu ya alumini naijua: ni unga, na huja polepole, hasa masika. Hii siyo. Huyu mtu anamwaga kitu.

Jumatano, 6 Machi
Barua kutoka Tabora. Rafiki wa shemeji yangu Gaspari analalamika kwamba ile chupa ya dawa ya ng'ombe aliyotumiwa na Gaspari imefika nusu. Wiki mbili zilizopita, ndege ilipokwenda huko, niliificha ndani mimi mwenyewe, maana rubani hataki mizigo ya watu. Aliyeniona ni Simoni peke yake. Kumbe na mwizi pia! Hasira imenipanda mpaka chai imenishinda.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemwambia rubani. Ya chupa sikuyataja. Nimesema Simoni alibeba betri vibaya, maji yake makali yakamwagika. Sikumwona. Lakini nani mwingine?

Rubani, Mzungu wa maneno machache, alizitazama zile ndevu kisha akamwita. "Sijamwaga kitu mimi, bwana," Simoni akasema. "Muulize mwenzangu huyu, ananijua." Nikaangalia viatu vyangu. Kabla ya saa sita amefukuzwa. Nimefurahi. Naandika ukweli.

Ijumaa, 8 Machi
Rubani amepaosha kwa maji ya magadi, amepaka rangi. Anasema pamepona. Jumatatu anaruka na abiria wawili.

Jumamosi, 9 Machi
Rangi imepasuka. Ndevu zimerudi. Na Simoni hajakanyaga hapa siku mbili.

Nimechokonoa kwa bisibisi. Ikazama kama kwenye muhogo uliooza. Kwenye mshono kuna tone dogo linalong'aa. Nikaligusa, likakimbia.

Mchana nikaenda Majengo kwa Gaspari. Yeye ni kibarua wa machimbo ya dhahabu. Nikamuuliza chupa ilikuwa na nini. Akacheka. "Zebaki, shemeji. Ya kukamatia dhahabu. Ningekwambia ungeibeba?"

Palipoota ndevu ndipo nilipoilaza ile chupa. Nusu iliyopotea ilivujia pale, na ndiyo inayokula bati. Kizibo cha gunzi nilikikaza kwa mikono yangu. Na uzito wake naukumbuka. Dawa gani nzito vile? Mimi ninayemshuku kila mtu, hilo sikulishuku.

Jumapili, 10 Machi
Kanisani sikusikia neno. Nikisema, kazi imekwisha, na nina watoto wanne. Nikinyamaza, kesho watu watatu wako angani juu ya bati bovu. Namchukia Gaspari. Najichukia zaidi.

Baada ya misa nikaenda kwa rubani. Nikasema yote, na la Simoni pia, hata kwamba nilimdhani mwizi. Hakufoka. Alinyoosha mkono tu nimpe funguo.

Alhamisi, 21 Machi
Ndege haijaruka bado. Nasikia fundi wa Tabora amekata kipande kizima cha sakafu, na ubavu mmoja wa kiunzi chini yake. Simoni amerudishwa kazini. Mimi nashinda shambani, napalilia karanga.

Jioni Simoni amepita hapa nyumbani. Ameniletea koti langu la kazi, nililisahau kule. Mke wangu alimpa kiti, akakataa. Akachuchumaa, akatoa vitu vyangu mfukoni mwa koti kimoja kimoja na kuvipanga mkekani mbele yangu. Kisu. Kiberiti. Penseli. Kipande cha sabuni.

"Angalia kama vimetimia, kaka."

Nikaangalia. Vilikuwa vimetimia.