Dada Yangu Ameviosha Vikombe, na Binti Yangu Anapanda Jukwaani Jumatano

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na nauomba kabla ya Jumatano, ndiyo maana barua hii naileta mwenyewe kwa mkono mpaka mapokezi ya gazeti lenu, na najua dada wa mapokezi ataniangalia kama nimekuja kudai kitu.

Mimi ni mwenye nyumba ya wageni. Nilianza na vyumba viwili visivyo na dari, leo ni vyumba tisa na vitanda kumi na vinne, sikurithi tofali hata moja, na magodoro yangu yote hutoka nje juani kila wiki, mashuka yanafuliwa kwa maji ya moto, sipulizi dawa yoyote kwa sababu dawa inawakohoza wageni, na kwa ajili hiyo majirani wananiita Bwana Magodoro, wanacheka, nami nimewaacha wacheke.

Nina binti mmoja, ni mwanasayansi, anachunguza wadudu, na usifikiri ni nyuki au vipepeo, ni kunguni. Aliponiambia mara ya kwanza nilimuuliza, "Mwanangu, shule yote ile kwa ajili ya kunguni?" Akanijibu, "Baba, kunguni wanajua mambo ya watu kuliko wewe unavyojua." Basi, mwaka huu alikuwa na utafiti katika nyumba tatu za wageni, mbili zinazopuliza dawa na moja isiyopuliza, na hiyo isiyopuliza ni yangu, ila kwenye maandishi yake haina jina, inaitwa Nyumba ya Tatu.

Alileta vikombe vya plastiki, vifupi kama vifuniko vya mitungi, akaweka kimoja chini ya kila mguu wa kitanda, akanieleza kwamba kwa nje vimekwaruzwa ili kunguni apande, kwa ndani ni laini na vimepakwa poda ili akishaingia ateleze asitoke, na kila Jumamosi asubuhi angekuja kuhesabu walionaswa. Vitanda kumi na vinne mara miguu minne ni vikombe hamsini na sita, na alikuja wiki kumi na mbili, kwa hiyo ni mara mia sita sabini na mbili binti yangu alipiga magoti kwenye sakafu yangu akamulika tochi, na mara zote mia sita sabini na mbili akaandika sifuri. Nyumba zile nyingine mbili zilikuwa na kunguni pamoja na dawa zao zote. Mshauri, sikuficha furaha yangu, niliwaambia hata waliokuwa hawaniulizi.

Sasa wanasayansi wa wadudu wanakutana hapa mjini wiki ijayo, na binti yangu amepewa nafasi ya kuzungumza ukumbi mkubwa, Jumatano, dakika kumi na mbili za kuzungumza na tatu za maswali, mwenyekiti ana kengele. Ameniandikisha niingie kama mgeni wake, akaniletea na ile karatasi ya maelezo kwa washiriki, nami nimeisoma mpaka nimeijua, kwa sababu sijawahi kuona watu wanaoelezwa mambo namna ile. Wanaambiwa wavae kitambulisho shingoni muda wote, wanaambiwa chakula cha mchana kipo wapi na foleni ianzie upande gani, wanaambiwa aina ya tundu za umeme ukutani, na kuna sehemu imeandikwa washiriki wasilete wadudu hai ukumbini bila kibali, nikajiuliza, ni nani huyo aliyewaleta mara ya mwisho mpaka ikabidi iandikwe? Nyumba yangu nayo wameiweka kwenye malazi, mstari wa mwisho, wameandika ni dakika ishirini kwa miguu, wakati mimi mwenye goti bovu natembea kumi na moja, lakini hilo nimelinyamazia.

Wameanza kupiga simu. Mmoja akaniuliza, "Mzee, hapo kwako mna kunguni?" Nikamwambia, "Hata mmoja!" Akasema, "Ah. Basi," na hakuchukua chumba. Mpaka leo sijamwelewa yule mtu.

Tatizo lenyewe ni hili. Usafi wa vyumba vyangu unasimamiwa na dada yangu mkubwa, shangazi yake binti, mwanamke ambaye hata mimi mwenye nyumba navua viatu mlangoni kwa kumwogopa. Alhamisi nilikuwa namsomea ile karatasi huku anakunja mashuka, nilipofika kwenye mada ya binti yangu, kwamba atawaeleza wenzake kuhusu Nyumba ya Tatu na jinsi jua na maji ya moto yalivyoshinda dawa, dada akacheka.

"Kumbe vile vikombe ndivyo vinampandisha jukwaani?"

"Ndivyo hivyo."

"Basi na mimi nina sehemu yangu. Si mimi ndiye niliyekuwa naviosha?"

Nikamwambia rudia. Akarudia bila wasiwasi wowote, kwamba kila Ijumaa jioni alikuwa anavikusanya vyote anaviosha kwenye beseni. "Ulitaka mwanangu aje Jumamosi akute vyombo vichafu? Aseme shangazi yake amekwisha?"

"Na ile poda aliyoipaka binti je?"

"Niliona ameweka poda, nikajua anapenda poda. Nikavirudishia yangu, ile ya waridi. Mwenyewe alisema siku moja vyumba vyako vinanukia vizuri, hukumsikia?"

Nilimsikia. Nilikuwepo. Mshauri, nilitoka pale nikaenda kukagua tangi la maji ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Nimepiga hesabu huku na huku. Nikimwambia binti, nitamvunjia mazungumzo yake siku chache kabla, mbele ya walimu wake, na labda ni bure tu kwa sababu huenda kunguni hawakuwepo, maana mimi mwenyewe nayajua magodoro yangu. Nisipomwambia, atasimama pale aseme kitu ambacho mimi nikiwa nimekaa kiti cha wageni ninajua hakijulikani, na wenye nyumba wengine watatupa dawa zao waanze kuanika magodoro kwa kuamini sifuri zilizooshwa na dada yangu. Na nitasema ukweli, si rahisi, kwa sababu ni mara ya kwanza katika maisha yangu watu wenye elimu wanakaa chini kusikiliza kwamba Bwana Magodoro alikuwa sahihi. Na vyumba sita vimeshachukuliwa na hao hao wachunguza kunguni. Dada nimemwambia anyamaze kwanza, akaniuliza, "Ninyamaze nini? Nimeua?"

Nifanyeje? Nimwambie, au ningoje mkutano uishe ndipo nimwambie taratibu?

Wako,
Mwenye Vitanda Kumi na Vinne

MSHAURI ANAJIBU

Bwana Magodoro, pole, na pole hiyo ipokee haraka kwa sababu nina mengi ya kukugombeza na nafasi yangu ni ndogo. Barua yako nimeipitisha mbele ya zilizotangulia ili uisome leo Jumapili. Wenye barua zao watanisamehe, wao hawana kengele ya mwenyekiti.

Kwanza, hiyo habari ya kungoja mkutano uishe ifute. Umwambie Alhamisi ijayo ili iweje? Binti aliyekwisha kusimama mbele ya walimu wake akasema jambo, halafu baba yake anamwambia kwamba alijua tangu wiki iliyopita, akiwa amekaa kiti cha wageni, anampigia makofi? Hilo la kuosha vikombe atalisamehe mara moja. Hilo la makofi litachukua muda mrefu.

Pili, wewe ni mtu wa hesabu, kwa hiyo tuhesabu. Unasema una sifuri mia sita sabini na mbili. Huna hata moja. Kikombe kilichochunguliwa kikakutwa kitupu ni sifuri. Kikombe kilichooshwa jana yake si sifuri, ni swali ambalo halijaulizwa. Labda kunguni hawakuwepo kweli, labda walikuwepo wakaenda na maji ya beseni. Wewe hujui, mimi sijui, na binti yako anadhani anajua, na hapo ndipo penye hatari yake. Sifa unazozitaka kwa ajili ya magodoro yako ni haki yako kuzitaka, ila hizi za sasa ni za poda ya waridi.

Na sasa nikuulize jambo ambalo limenikera barua nzima. Umenieleza tundu za umeme, umenieleza foleni ya chakula, umenieleza goti lako. Dada yako amekuambia kwa kinywa chake kwamba aliviosha vikombe vyote kila wiki. Mtu yeyote angeuliza swali moja tu: ulikuta nini ndani? Wewe ukaenda kukagua tangi. Nimeirudia barua yako mara mbili nikitafuta jibu, halimo. Usiniambie ulisahau, mtu anayehesabu miguu ya vitanda hasahau. Uliogopa.

Mwenye jibu unaishi naye. Mikono iliyoviosha hivyo vikombe ndiyo inayokunja mashuka yako. Huyo si mtu wa kunyamazishwa, ni mtu wa kupelekwa kwa binti yako leo hii, akae, aeleze mwenyewe alichokiona, kitanda kipi, Ijumaa zipi, kama anakumbuka. Wewe kaa pembeni na usimsaidie kusimulia. Wala usimfokee njiani. Aliona mtoto wake anakuja, akasafisha vyombo. Angekuwa mgeni mwingine ungemsifu.

Usimpigie binti simu. Nendeni. Na usianze na "usikasirike," hakuna aliyewahi kuambiwa hivyo akatulia. Mwambie, "Vikombe vilikuwa vinaoshwa, na sisi tumejua Alhamisi." Halafu nyamaza, naye anaweza kulia kidogo, au akacheka, kwa sababu ile harufu ya waridi ataikumbuka. Ameniambia jirani yangu ambaye amehudhuria mikutano ya namna hiyo kwamba mzungumzaji kwa kawaida anaruhusiwa kubadilisha picha zake anazoonyesha ukutani mpaka siku moja kabla. Itazame ile karatasi yako unayoijua kwa moyo. Bado ana nyumba mbili ambazo vikombe vyake havikuguswa, hizo ni zake na hakuna wa kumnyang'anya. Ya tatu aseme kilichotokea, kwa sauti kavu, aendelee. Watu wanaopaswa kukatazwa kwa maandishi wasilete wadudu ukumbini hawawezi kushangaa kwamba shangazi wa mtu ameosha chombo. Nakuhakikishia katika zile dakika tatu za maswali, nusu ya mikono itakayoinuliwa itakuwa ya watu ambao nao waliwahi kuoshewa.

Kuhusu wageni wako wa vyumba sita, acha kujibu "hata mmoja." Jibu sahihi kwa sasa ni "tunaangalia." Mwombe binti arudishe vikombe vyenye poda yake, na dada yako afunge beseni. Yule aliyesema "Ah, basi" mpigie umwambie mambo yamebadilika. Nadhani atachukua chumba.

Magodoro endelea kuyaanika. Hakuna aliyesema umekosea. Imesemwa tu kwamba bado hatujui, na binti yako ndiye mtu wa kutujulisha, mwaka huu au mwakani, kwa vikombe vichafu.

Jumatano vaa kitambulisho shingoni, kaa kiti chako cha wageni, na usipige makofi kabla ya wengine. Lakini hayo ni ya Jumatano. Sasa hivi kunja gazeti hili uende alipo dada yako. Muulize kulikuwa na nini ndani. Kisha vuta kiti ukae mpaka amalize kujibu, na safari hii tangi uliache lilivyo.